Shoplifters: waliokota au waliiba?

Filamu ya Kijapani Shoplifters, iliyompatia Hirokazu Kore-eda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes mwaka 2018, inahusu watu sita waliobanana katika nyumba kuukuu jijini Tokyo: bibi, mwanamume na mwenzake, msichana mkubwa, mvulana, na Yuri, mtoto waliyemkuta nje kwenye baridi wakamchukua. Hawajazaliwa tumbo moja. Wanaishi kwa pensheni ya bibi, vibarua na kudokoa madukani.

Anayewatetea kuwa ni familia atakupeleka kwenye tukio la bafuni. Nobuyo, anayelea kama mama, ana kovu la pasi mkononi, la kazini kwake kwa dobi. Yuri ana lake, lakini hilo kalipata kwao. Wanaonyeshana, kisha mtoto anapapasa la mwenzake. Basi. Sijui ni cheti gani cha kuzaliwa kingewapa ukaribu ule.

Ila Osamu, “baba” wa nyumba, amemfundisha mvulana Shota kwamba kitu kilichopo dukani bado hakina mwenyewe. Ukikubali hoja hiyo kwa sabuni ya nywele, utaikataaje kwa mtoto wa watu? Muuza duka mmoja mzee, aliyekuwa akiona siku zote, anamwomba Shota jambo moja tu: asimwingize mdogo wake, yaani Yuri, katika wizi. Maneno hayo yanamchoma kijana kuliko fimbo. Na siku Shota anapokamatwa na kulazwa hospitalini, familia inafungasha virago usiku ili imkimbie. Hapo mimi hunishinda kuwatetea.

Serikali nayo haitoki safi. Ni kweli, bibi alipokufa walimzika chini ya nyumba na pensheni ikaendelea kuchukuliwa. Polisi wanamwambia Nobuyo kwamba amemtupa bibi huyo. Anajibu kuwa yeye aliokota, waliotupa ni wengine. Kisha sheria inamrudisha Yuri kwa mama yule yule aliyemtesa, kwa sababu ndiye aliyemzaa.

Pamoja na yote hayo niko upande wa Nobuyo, si wa Osamu. Makosa yote anajitwisha yeye na kwenda jela. Shota anapokuja kumtembelea, Nobuyo anamtajia gari walilomkutia ndani, rangi yake na namba ilikosajiliwa, ili akitaka awatafute wazazi wake. Osamu, aliyeketi kando, anashtuka: kumbe hilo ndilo aliloitiwa kumleta mtoto?