Itashughulikiwa na nani?

Jumatatu treni imenichelewesha dakika nne. Nne tu, na msiniambie Ujerumani treni hazichelewi, hayo ni maneno ya watu ambao hawajasimama stesheni ya huku Hamburg mwezi wa kwanza. Nafika ghalani nakuta kikao cha asubuhi cha shifti yetu kishaanza, wenzangu wamesimama mbele ya ubao, hakuna aliyenifokea ila pia hakuna aliyenirudishia kilichosemwa. Dakika kumi na moja meneja kafunika peni, watu hao wametawanyika. Nikasogea ubaoni naona jina langu: mlango namba 6, mapaleti 40, mwisho saa sita mchana. Yaani nimepangiwa kazi sipo, na nimeielewa kuliko vikao vyote nilivyokaa kwetu mwanzo mpaka dua ya kufunga.

Sasa sikieni ya Jumapili yake. Tuna kikundi chetu hapo Mtwara, sisi ndugu na akina mama kadhaa wa Chikongola, tunabangua korosho na kufungasha. Kikao saa kumi alasiri, huku kwangu saa nane, nimekula nimejipanga, mi niko WhatsApp na simu yao imeegeshwa kwenye ndoo, naona dari na nusu ya kilemba cha dada. Kimeanza saa kumi na moja na nusu. Dua, salamu, pole ya msiba, utambulisho (watu wamenyonyeshana watoto wanajitambulisha!), kusoma muhtasari, ndo tukafika kwenye yatokanayo.

Kwenye yatokanayo kuna kisu cha mashine ya kubangulia. Kimekatika tangu Septemba. Muhtasari wa Oktoba: itashughulikiwa. Wa Novemba: inaendelea kushughulikiwa. Juzi katibu wetu kasimama, sauti nzuri kama mtangazaji wa redio, kasoma "suala la kisu lipo katika hatua za kushughulikiwa". Jamani hiki Kiswahili chetu, neno moja limebeba kazi nzima na mtu hayumo ndani! Nikauliza, na nani? Kimya, nasikia jogoo tu. Af mjumbe mmoja akasema hoja ya ndugu yetu ni nzuri sana, tuipeleke kwenye mengineyo. Kwenye mengineyo magharibi ikaingia, watu wakaenda kuswali.

Na huku kisu hakipo akina mama wanagonga kwa mkono, korosho zinavunjika, na nzima na vipande si bei moja, nyie mnajua. Kilichoniuma zaidi, bei mpya ya pakiti tuliyoizungumza weee haikuamuliwa, imekuja kuamuliwa baadaye, watu watatu wanasindikizana njiani, mi nimeiona kesho yake kwenye grupu. Sasa kile kikao kilikuwa cha nini? Na hapo sijagusa vile vya maofisini vya soda, bahasha na mgeni rasmi anayesubiriwa mpaka karanga zinaisha mezani.

Najua mshaanza kuandika. Kalewa baridi huyo. Kajifanya Mjerumani. Kuna mmoja lazima aseme hao hao waliotuchinja kwenye Majimaji 1905 ndo leo walimu wako. Sawa, mimi mtoto wa Ligula hapo hapo Mtwara, bibi yangu mzaa mama wa Mingoyo kule Lindi, Majimaji hunihadithii. Ila kukaa kikao sikujifunza kwao, nilijifunza mnadani nikiwa na baba.

Mnada wa korosho si mnaujua? Barua za wanunuzi zinafunguliwa mbele ya wakulima, zinasomwa kwa sauti, huyu anataka tani kadhaa kwa bei hii, yule bei ile, af swali linakuwa moja tu: mnauza hamuuzi? Wazee wananong'ona kidogo, mtu anasimama anasema tumekataa, basi wamekataa, watu wanapanda baiskeli. Siku hizi bei zinakuja kwa mfumo wa TMX, lile soko la bidhaa la mtandaoni, ila swali ni lile lile. Oktoba 2018 si walizikataa bei pale pale mpaka Novemba serikali ikasema inanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo? Yaliyofuata kwenye malipo ni hadithi nyingine. Nachosema ni kwamba wazee wale wale, wengine hawajui kusoma, siku ya mnada wanatoa uamuzi mzito kuliko wa meneja wangu, af wiki inayofuata ukiwaita kwenye kikao cha kikundi wanaandika itashughulikiwa. Mtwara kuchele, yaani kumekucha, kweli, ila kikaoni bado usiku.

Na sisemi huku peponi. Kuna mwenzetu Mturuki alifiwa na mama yake, asubuhi ile meneja kasema "pole kwa msiba", hata pumzi hajavuta kahamia mlango namba 3. Jamaa kabaki anaangalia buti zake. Mi nikamfuata chooni nikamshika mkono, sikuwa na Kijerumani cha kutosha. Kwa hiyo msinipakazie, dua ibaki, pole ibaki hata nusu saa, utambulisho ndo sijui.

Kikao kijacho ni Jumapili hii. Juzi nimetuma ajenda kwenye grupu, mambo matatu, kila moja nimeweka jina la mtu na tarehe, kisu nimekiweka cha kwanza. Nikaona tiki za buluu zinaongezeka, hakuna anayejibu. Usiku ndo dada mkubwa kaandika: "Sawa mdogo wangu, tumeipokea. Kwenye kisu umesahau jina, nimejaza lako. Fundi anataka elfu themanini, mwisho Ijumaa."