Wali, maharage na shafti ya milimita 50

Chuma laini kikikerezwa, yaani kikizungushwa kwenye mashine huku kisu kikikichonga, hutoa maranda marefu yaliyojiviringa kama nywele za bibi harusi aliyetoka saluni sasa hivi. Enzi hizo najifunza kazi kwenye karakana moja pale Gerezani, Dar es Salaam, maranda hayo yalinilevya. Kuna siku nilibeba moja nikalitundika dirishani nyumbani, pambo. Mama alilitupa jioni ileile, kidole chake kimefungwa kitambaa.

Basi Ijumaa moja akaja mzee na shafti ya mashine ya kusaga. Kanzu nyeupe, imepigwa pasi mpaka inakata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nitawahi msikitini?"

Fundi wangu alikuwa nje akibishana bei na mtu wa vyuma chakavu, nami nikaona nimepata hadhira. Nikapunguza mwendo wa kisu hadi milimita 0.1 kwa kila mzunguko, makusudi kabisa, ili utepe utoke mwembamba usikatike. Ukatoka, tena wa buluu kwa moto.

"Tazama, mzee, unajikunja mara mbili. Kwanza unajiinua kuukimbia uso wa kisu. Halafu, shafti ina kipenyo cha milimita 50 na kisu kimezama 2. Ukingo wa nje wa utepe unatoka kwenye kipenyo cha 50, wa ndani kwenye 46. Ni kama watoto wawili walioshikana mikono wakiuzunguka mnazi: wa nje anakimbia, wa ndani anajikokota. Ndiyo maana unapinda na upande. Changanya hiyo mikunjo miwili, unapata springi!"

Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Nikanogewa. Utepe ulishafika sakafuni, unajirundika kama chatu aliyeshiba, ila macho yangu yalikuwa usoni kwa mzee.

Sasa, kwenye mkono wa nyuma wa mashine nilikuwa nimetundika mfuko wa chakula changu cha mchana, jambo ambalo fundi alishanikataza mara tatu. Taya za mashine zilizoibana shafti zikaunasa utepe. Ukaanza kuchapa huku na huku kama mjeledi, ukaukumbatia mfuko, mfuko ukaenda nao. Kontena lilifunguka mzunguko wa ngapi, sijui. Ila kitu kinachozungushwa kikiachiwa huruka kwa mstari ulionyooka, na mstari wa maharage yangu ulianzia kwenye taya ukaishia kwenye kanzu, kifuani hadi magotini. Maharage ya nazi.

Fundi akaja mbio akapiga kitufe chekundu. Hakuniuliza kitu. Akashika ndoano, akautoa utepe, akapandisha mwendo hadi 0.3, akawasha. Maranda yakaanza kudondoka mafupi, tik, tik, moja limejikunja kama 6, jingine kama 9.

"Maranda ya kazi ndiyo haya," akasema. "Yale yako peleka saluni."

Mzee alikuwa bado amesimama palepale, anaokota punje mojamoja kifuani.

"Kijana wangu, habari ya springi nimeielewa vizuri sana. Sasa nieleze, hii nazi inatoka kwa sabuni gani?"