Nirudishieni Ufagio Wangu

Wiki iliyopita mwanangu alinipokonya ufagio. Alinikuta nimeshika ukuta kwa mkono mmoja huku nafagia kwa mkono wa pili, akauchukua taratibu na kuniambia, "Mama, umefanya kazi ya kutosha, sasa pumzika." Alisema kwa mapenzi, nami sikumjibu. Nilikaa kitini alasiri nzima, na nilipotaka kuinuka jioni, magoti yalikuwa yamekakamaa kiasi kwamba nilisimama dakika kadhaa kabla ya kupiga hatua ya kwanza.

Nina miaka 71, na magoti yameniuma kwa miaka 9. Wataalamu huyaita maumivu kuwa sugu yanapozidi miezi 3, kwa hiyo ninaposema kwamba neno "pumzika" linatuumiza sisi wazee, sisemi kama mtu asiyeujua uchungu.

Gegedu linalofunika ncha za mifupa ya goti halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa ndani ya kiungo, na ute huo husukumwa kuingia na kutoka pale kiungo kinapobebeshwa uzito na kuachiliwa, yaani pale mtu anapotembea, anapoinuka na anapokaa. Misuli ya paja nayo hulipunguzia goti mzigo, lakini msuli usiotumika hunyauka, na uzeeni hunyauka upesi zaidi. Anayekaa ili goti lisimuume huishia kuwa na goti lisilo na wa kulisaidia, ambalo humuuma zaidi na kumfanya azidi kukaa. Wala umri si kisingizio: mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wazee 10 dhaifu wa miaka 86 hadi 96, waliokuwa wakiishi katika makao ya wazee. Baada ya wiki 8, nguvu za miguu za wale waliomaliza zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Hata hivyo, kinachoniuma kuliko misuli ni kule kuondolewa katika orodha ya watu wanaohitajika. Mtu akiamka asubuhi na hakuna yeyote anayemtegemea kwa lolote, maumivu ndiyo yanayobaki kuwa shughuli yake ya siku nzima. Huyasikiliza, huyapima, huyangoja. Ninapomsomesha mjukuu wangu hesabu, goti huuma vilevile, lakini ni yeye anayenisubiri, si goti. Mchoraji Renoir wa Ufaransa alipinda vidole kwa baridi yabisi na akaishia katika kiti cha magurudumu, lakini alichora hadi mwaka 1919 alipofariki. Kwa kuwa hakuweza tena kuiokota brashi mwenyewe, waliokuwa karibu naye walimwekea mkononi. Huo ndio msaada ninaouomba kwa watoto wetu: tuwekeeni brashi mkononi, msiichukue.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba zipo siku za kupumzika. Kiungo kikivimba ghafla na kupata joto, ni daktari anayehitajika, si ushupavu. Nakubali pia kwamba sisi wenyewe huwatia hofu watoto, kwa sababu siku tunayoamka wazima tunataka kumaliza kazi za juma zima, kisha tunalala kitandani siku mbili tukiugulia. Ilinichukua miaka kujifunza kuacha kazi nikiwa bado na nguvu za kuiendeleza: nafagia chumba kimoja, nakaa kidogo, kisha naingia cha pili.

Jana nilimweleza mwanangu haya yote. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama mpini ungekuwa mrefu zaidi ningefagia bila kuinama. Nilimwambia ndiyo, naye akaondoka kwenda kuutafuta.