Nyumba Isiyokubali Kuguswa

Niliwahi kununua nyumba ambayo sikuweza kusogeza hata mlango wake. Haikuwa ya tofali. Ilikuwa ya ulimwengu pepe, ule wa ndani ya kompyuta: ghorofa mbili za vioo, bustani juu ya paa, paneli za sola ubavuni. Muuzaji aliinadi kuwa nyumba endelevu, nami nikavutika. Kuingia tu, shida ikaanza. Avata wangu, yaani kikaragosi kinachoniwakilisha humo, alipita chini ya dari bila taabu, lakini kamera inayomfuata, ambayo ndiyo jicho langu, hukaa nyuma yake, juu kidogo ya kisogo. Ikapenya dari, na badala ya sebule nikawa natazama sakafu ya ghorofa ya pili. Nikataka kuinua dari: ruhusa ya kurekebisha imefungwa. Nikataka kupanua mlango: imefungwa. Nimelipa, halafu naishi kama mpangaji.

Tuanze na zile paneli za sola. Zilikuwa zinavuna jua lipi? Kule hakuna mvua wala kutu, na ukuta haubebi chochote. Ukiondoa nguzo zote, paa litabaki limeelea palepale. Kubandika majani na sola kwenye jengo la namna hiyo ni kuazima sura ya uendelevu tu. Umeme wenyewe unaliwa kwingine, kwenye seva, zile kompyuta zinazoendesha ulimwengu huo, na kwenye kompyuta ya kila anayetazama. Mwaka 2006 mwandishi Nicholas Carr alipiga hesabu kwamba avata mmoja wa Second Life, ulimwengu pepe ambao watu hujijengea wenyewe, alikuwa akitumia takriban kilowati-saa 1,752 kwa mwaka, karibu sawa na Mbrazili wa kawaida wa wakati ule. Yalikuwa makadirio, na mashine za leo si zile, lakini alitazama mahali panapostahili kutazamwa.

Nami nikaanza kutazama huko. Nyumba yangu ilikuwa nzito, kila mgeni akifika picha zinakwamakwama, nikaamua kuikagua kipande kwa kipande. Nikafika kwenye kitasa cha mlango. Kitasa, jamani! Kilikuwa kimevishwa picha ya pikseli 1024 kwa 1024. Picha ya ukubwa huo, kabla ya kubanwa, hula megabaiti 4 za kumbukumbu, iwe imefunika ukuta mzima au kitu kisichozidi ngumi. Ya pikseli 256 kwa 256 ingekula robo megabaiti, na hakuna jicho ambalo lingegundua tofauti. Na vitasa vilikuwa tisa, kila kimoja na picha yake, ingawa vyote vilifanana. Picha moja ingevitosha vyote tisa. Ningeweza kuirekebisha kasoro hiyo kwa dakika kumi, lau ningeruhusiwa.

Hapo ndipo ninapogombana na wajenzi wengi. Wanasema wanafunga kazi zao kwa kuogopa wizi. Hofu naielewa, watu wanakula kwa kazi hiyo. Lakini Second Life, kwa mfano, inatenganisha ruhusa tatu: kurekebisha, kunakili na kumpa mwingine. Anayeogopa wizi anayo ile ya kunakili ya kufunga. Kufunga kurekebisha kunamzuia nani, kama si mteja aliyelipa? Mteja huyo naye hana la kufanya: dari ikimkera anaitupa nyumba nzima na kununua nyingine, ile ya kwanza inabaki imelala kwenye seva. Kama kuna uchafuzi wa mazingira katika ulimwengu pepe, basi ni huo.

Wasanifu wa majengo ya kweli walishalifikiria hili zamani. Mholanzi John Habraken, mwaka 1961, alipendekeza nyumba za watu wengi zigawanywe mara mbili: kiunzi kinachodumu, ambacho ni cha wote, na vijazio vya ndani ambavyo kila mkaazi anavipanga na kuvibadilisha apendavyo. Kwenye zege ni kazi ngumu, maana mabomba na nyaya hazihami kirahisi. Kwenye ulimwengu pepe ni rahisi mno, ndiyo maana nashangaa kuona nyumba inayouzwa kama kitu kimoja kilichogandishwa, kuanzia msingi hadi pazia.

Sisemi kila mtu aachiwe ajenge atakavyo. Mipaka inafaa. Kwa miaka mingi eneo kamili la Second Life, mita 256 kwa 256, lilibeba vipande vya kujengea 15,000 na basi, vikigawanywa kulingana na ukubwa wa kiwanja. Watu walilalamika sana (mimi nikiwamo), lakini bajeti ile ilifundisha kubana matumizi kuliko somo lolote: ukitaka ngazi ya mzunguko, unaamua ni kiti kipi kiondoke.

Kisha kuna siku ya kufungiwa. AltspaceVR, ulimwengu pepe mwingine, ilizimwa Machi 2023, na ulimwengu uliojengwa humo ukazimika nayo. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kuuliza bei, nauliza kama kazi yangu naweza kuitoa kwa faili la wazi kama glTF, muundo wa maumbo ya 3D unaosomeka na programu nyingi. OpenSimulator, programu huria ya kuendesha ulimwengu pepe wako mwenyewe, inakuruhusu kuhifadhi eneo zima, ardhi na majengo, ndani ya faili moja na kulifungua kwenye seva nyingine. Jengo lisiloweza kuhama nalihesabu kuwa hema, hata likiwa na sura ya kasri.

Mwishowe nilijenga ya kwangu. Kiunzi chepesi, kuta za kuchomoa, dari juu kabisa kamera ipumue. Ngazi ilinila jioni mbili, maana chini ya vidato nililaza mteremko usioonekana ili avata wasijikwae. Jamaa mmoja akaipenda, nikampa ikiwa na ruhusa zote wazi. Baada ya wiki chache nikapita kumsalimia: kaigeuza maktaba, na ngazi kaing'oa yote. Nikamuuliza, sasa watu wanapandaje juu?

"Ndugu yangu," akanijibu, "si wanaruka?"