Simba wa kreta na bahati inayosahaulika

Muulize mtu viumbe wanabadilikaje vizazi hadi vizazi, atakwambia chap: uchaguzi wa asili, mwenye nguvu anabaki dhaifu anakufa, kamaliza. Mutesheni, yaani mabadiliko yanayojitokea kwenye jeni (maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi), na wahamiaji wanaoingia na jeni zao wanagusiwa kidogo, bahati ya jeni kubaki au kupotea ndo haitajwi kabisa.

Siupuuzi uchaguzi wa asili. Kule Gorongosa, Msumbiji, vita ya 1977 hadi 1992 ilimaliza zaidi ya asilimia 90 ya tembo, waliuawa sana kwa ajili ya pembe, na majike wasio na pembe wakapanda kutoka kama asilimia 18 hadi karibu 51. Watafiti wakapiga hesabu kama bahati tupu ingeweza kufanya vile, ikagoma. Bunduki ndo ilikuwa inachagua.

Sawa, ila njoo Ngorongoro. Mwaka 1962 baada ya mvua kubwa nzi wanaong'ata walizidi wakawamaliza simba wa kreta, wakabaki kama 10 tu, baadaye madume 7 yakaingia kutoka nje, halafu kwa miaka mingi hakuna mgeni aliyeingia akazaa. Idadi ilirudi fresh tu, ndani ya miaka 15 hivi walikuwa wamepita hata ile ya mwanzo, ungewaona ungesema wamepona. Kumbe ukoo mzima umetokana na 15 tu kati ya hao! Sasa hao walionusurika labda baadhi walistahimili nzi kweli, sikatai, lakini nzi hawakuwa wanapima ubora wa mbegu za kiume, hizo jeni zilibaki au zilipotea kutegemea tu nani kafa na nani kapona. Baadaye madume yalipopimwa, mbegu zenye kasoro zilikuwa nyingi kuliko za simba wa Serengeti, jirani zao kabisa. Uchaguzi gani huo wa kuchagua mbegu mbovu? Ni bahati, ikifuatiwa na ndugu kuzaa na ndugu.

Kwahiyo mimi naona wanaobishana kipi kina nguvu zaidi, uchaguzi au bahati, wanaruka swali la kwanza, wanyama wenyewe wako wangapi. Serengeti mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaojulikana zaidi kwa mbwa, uliua kama theluthi ya simba 3,000 hivi, msiba mkubwa, ila walibaki kama 2,000 na jeni zao karibu zote. Kreta haina akiba hiyo. Dawa yake ni madume mageni mawili matatu kupata njia ya kupita kila baada ya miaka kadhaa, na njia hizo ndo zinazibwa na makazi ya watu.