Barabara Namba 61 na usiku wa Ndundu

Naishi Duluth, Minnesota, na kazi yangu iko Two Harbors, mji mdogo kando ya Ziwa Superior. Siku tano kwa wiki nipo kwenye Barabara Namba 61 ya jimbo. Kwetu ni Kilwa. Ndugu zangu wa kusini mnajua mtu wa Kilwa akisikia neno "barabara" kinachomjia kwanza ni nini.

Tukirudi likizo tunaulizwa barabara za Marekani zikoje, nasi tunajibu haraka: nzuri, hazina mashimo. Si kweli. Baridi ya huku hupasua lami, na theluji ikiyeyuka Aprili mashimo yanatokea kila mahali. Ninachowaonea wivu ni kingine kabisa: wanakumbuka barabara yao ilivyopatikana.

Namba 61 inaanzia Duluth, inafuata ufuo wa ziwa hadi mpaka wa Kanada, kama kilomita 240. Ilikuwa kipande cha barabara kuu ya kitaifa iliyopewa namba hiyo mwaka 1926 na kufika hadi Louisiana, kusini kabisa. Mwaka 1991 sehemu hii ya kaskazini ikakabidhiwa jimbo, lakini namba ikaachwa ileile. Watu wa huku wanaelekezana kwa vibao vya maili: ukiuliza hoteli fulani iko wapi, unatajiwa namba ya kibao, nawe unafika.

Zamani hapakuwa na njia. Mnara wa taa wa Split Rock, uliokamilika mwaka 1910 juu ya jabali, ulijengwa kwa vifaa vilivyoletwa kwa meli na kuvutwa juu kwa winchi, kwa sababu nchi kavu gari halikuweza kupita. Barabara ilifika hapo mwaka 1924. Na kwenye mpaka, Mto Pigeon haukuwa na daraja, na serikali za pande zote mbili zilikuwa bado hazijaelewana. Wenyeji wakachangishana, wakajenga daraja la mbao bila kibali cha kimataifa, likafunguliwa mwaka 1917. Wakaliita Daraja Haramu! Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya kidogo. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba msaragambo ni wa kwetu tu, na kwamba wenzetu kila kitu waliletewa na serikali.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni jabali la Silver Creek. Barabara ya zamani ilichongwa ubavuni mwa jabali, ziwa likiwa chini yako na mawe yakidondoka kutoka juu. Mwaka 1994 likafunguliwa handaki la mita mia nne na kitu. Ile njia ya zamani hawakuifuta. Ni ya waenda kwa miguu na baiskeli sasa, ina ukuta mdogo wa kuegemea na kibao cha kueleza. Kiangazi nikitoka kazini huwa naendesha mpaka pale, nasimama, naweka kiganja kwenye mwamba waliouchonga. Bado una alama za baruti.

Sasa turudi nyumbani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kwenda Dar kutoka kusini kulimaanisha Mto Rufiji, na Rufiji ilimaanisha pantoni la Ndundu. Mto ukijaa, mnalala. Nilikuwa mtoto, nimelala kwenye mkeka ubavuni mwa basi, kichwa kwenye paja la mama. Foleni ya malori ilipotea gizani. Mama mmoja alipita na sinia la samaki wa kukaanga, koroboi ikiwa katikati ya samaki, na mwanga wake ukipanda usoni mwake kutoka chini. Tulilala usiku mbili. Yupo mwanamke aliyeshikwa uchungu usiku wa pili. Akina mama walimzungushia kanga pale pale, na alfajiri tukasikia mtoto analia.

Leo basi linavuka zile mita 970 za daraja kwa dakika moja na ushei. Nafurahi kwa moyo wote, asiniambie mtu kwamba natamani shida irudi. Hata baada ya daraja, kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga ziliendelea kututesa miaka mingi kwa tope kabla ya lami kufika. Na Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara upande wa Somanga, kusini kote tulikumbushwa maana ya kufungiwa.

Safari yangu ya mwisho nilimuuliza konda, kijana wa miaka ishirini hivi, pantoni lilikuwa likitia nanga upande gani. Akanijibu kwa adabu, "Pantoni gani, shikamoo mama?" Hakuwa na kosa. Nilichungulia pande zote mbili nikitafuta walau kibao kimoja. Kama kipo, dirishani mwa basi sikukiona.

Hilo ndilo linaloniuma. Kibao cha chuma na maneno kumi ni gharama gani kwa barabara iliyomeza mabilioni? Wapo wazee Ikwiriri, Muhoro na Somanga walioendesha yale malori, waliouza wale samaki. Hawatakaa milele. Wanafunzi wa sekondari za Rufiji na Kilwa wana simu za kurekodia. Walimu wao wawape kazi hiyo likizo ya Juni hii, kila mwanafunzi mzee mmoja.

Mimi nimeanza na mama. Jumapili nilimpigia nikamuuliza kuhusu yule mtoto wa Ndundu. Akaniambia alikuwa wa kike, na kwamba kanga mojawapo iliyozungushwa usiku ule ilikuwa yake, haikurudi, na hakuidai.