Eti mtoto mkimbizi "anapita tu"

Kuna kisingizio kimenichosha kweli, kile cha serikali kusema hawa watoto wako njiani tu wanaelekea kwingine, kwa iyo shule ya nini, cheti cha kuzaliwa cha nini. Mtoto anaingia nchi ya watu ana miaka sita, faili linazunguka maofisini, anakuja kuondoka ana kumi na mbili na kusoma hajui, alafu unaambiwa alikuwa anapita! Sita mpaka kumi na mbili si ndo shule ya msingi yote hiyo jamani?

Chukua Indonesia. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ule wa kuzibana nchi ziwalinde wakimbizi, haimo, sawa, na wengi mjadala wanaufungia hapo. Ila Mkataba wa Haki za Mtoto iliuridhia 1990, na ibara ya 22 inamtaja mtoto mkimbizi waziwazi, awe na wazazi au peke yake. Libya vilevile, ule wa 1951 haimo, wa watoto imo, na bado watoto wanafungiwa kwenye vituo vya kuwashikilia wahamiaji pamoja na watu wazima. Katika nchi zote za Umoja wa Mataifa ni Marekani tu haijauridhia huo wa watoto, sasa huyo mwingine anajificha wapi?

Hii ya kuwafungia ndo inaniuma zaidi. 2017 kamati mbili za Umoja wa Mataifa zilisema wazi, kumfunga mtoto kisa yeye au mzazi wake hana makaratasi ni kuvunja haki zake, wakati wowote. Mexico ikabadili sheria 2020 watoto wasiwekwe tena mahabusu za uhamiaji. Utekelezaji unasuasua, lakini angalau mwanasheria ana pa kushikia.

Na matajiri wasijitoe. 2016 Umoja wa Ulaya uliiahidi Uturuki yuro bilioni 6 huku ukitaka watu wasivuke kwenda Ugiriki, na kweli sehemu ya hela hiyo ilisomesha watoto wa Syria, manake inawezekana wakitaka.

Mimi ningeanza na mlezi wa kisheria. Mtoto aliye peke yake apewe mtu siku ileile anaandikishwa, sio baada ya miezi, manake bila huyo mtu hata akipigwa picha ya mifupa kupimwa umri, kipimo kinachoweza kukosea miaka miwili hivi, akaandikwa mtu mzima, nani atamkatia rufaa?